Bastola ya mfukoni ya .32 NAA: ni silaha ya kubeba au ni kujifunga na risasi zisizopatikana?

Mtama_wa_Houston

Wakuu, heshima kwenu. Kuna duka huku Texas lina North American Arms Guardian iliyotumika, kaliba .32 NAA. Bei yake iko chini sana ukilinganisha na Ruger LCP mpya. Inakuja na magazini mbili na boksi moja la risasi 20. Muuzaji anasema risasi hii ina nguvu kuliko .380 (kaliba ya kawaida ya bastola ndogo, ndiyo ya LCP) na haipigi teke kubwa. Nikatazama maduka mawili ya jirani, hakuna hata boksi moja rafuni.

Ninachotaka kujua: hii kaliba bado inatengenezwa? Je, kweli inaizidi .380? Na mtu akiwa nayo, anafanyaje mazoezi? Kibali si tatizo, nina green card. Nataka kitu cha kukaa mfuko wa mbele wa suruali, basi.

---

fundi_chemba

Mkuu, nianze na risasi yenyewe. .32 NAA ilitoka mwaka 2002, kazi ya North American Arms pamoja na Cor-Bon, kiwanda cha risasi. Walichukua ganda la .380 ACP wakalibana mdomoni lipate shingo, wakapachika kichwa cha .32. Kitako ni kilekile cha .380, kwa hiyo bastola ni ileile fremu ya Guardian .380. Kilichobadilika hasa ni mtutu.

Namba walizotangaza: kichwa cha greini 60 (gramu 3.9) kwa futi 1,200 kwa sekunde, yaani kama mita 366, kutoka mtutu wa inchi mbili na nusu. Hiyo ni karibu jouli 260. Sasa .380 ya greini 90 inatangazwa kwa mita kama 305 kwa sekunde, lakini hiyo ni kwa mtutu wa kupimia wa inchi nne hivi. Ukiiweka kwenye bastola ya mfukoni inashuka hadi mita 270 au pungufu, na nguvu inabaki jouli 210 hivi. Kwa hiyo muuzaji hajadanganya kwenye karatasi. .32 ACP ya kawaida yenye kichwa cha uzito huohuo iko kwenye jouli 170.

Lakini angalia kichwa. Gramu 3.9 ni chepesi. Kikikutana na jaketi la baridi kisha mwili, ama kinafunguka mapema na kuishia juu juu, ama nguo inaziba tundu la kwenye ncha yake (tundu ndilo linalokifanya kifunguke) na kinapita kama kichwa kizima cha .32. Ndiyo maana Hornady, kiwanda kingine cha risasi, walipoitengeneza wakaweka kichwa cha greini 80, kizito zaidi na cha mwendo mdogo, chenye plastiki kwenye tundu ili nguo isizibe. Nguvu kwenye karatasi ikashuka ikawa sawa na .380 nzuri. Yaani ukiitaka iingie vizuri, ile faida uliyoifuata imeondoka.

Kuhusu upatikanaji: ipo, haipo. Kiwanda kinawasha mashine kwa kaliba kama hii mara chache, kinatoa shehena moja, inauzwa, kisha kimya. Mahitaji ya 9mm yakipanda kama 2020 na 2021, mashine zote zinageuzwa huko na hizi ndogo zinasahaulika kabisa. Hata .380, ambayo si adimu hata kidogo, ilipotea rafuni 2009 baada ya LCP kutoka na kila mtu kuinunua. Fikiria .32 NAA.

---

Shabaha_Columbus

Naunga mkono hapo juu ila mimi naona tatizo kubwa liko kwenye mazoezi.

Bastola yoyote ya mfukoni haiaminiki mpaka uithibitishe. Kipimo ambacho wengi wanakitumia ni risasi 200 bila kukwama, na angalau 50 kati ya hizo ziwe aina ileile utakayobeba. Kwa 9mm ya mazoezi unalipa senti 25 hadi 30 kwa risasi. .380 iko juu kidogo. .32 NAA mara nyingi inavuka dola moja, inauzwa kwa boksi za 20, na karibu yote ni ya kujihami. Ile ya bei nafuu ya mazoezi yenye kichwa cha shaba kizima ni nadra. Kabla hujaiamini umeshachoma zaidi ya dola 200, na ile nafuu uliyoipata dukani imekwisha. Baada ya hapo unatakiwa upige angalau risasi 50 kila miezi miwili mitatu, maana kifyatuo cha Guardian ni kirefu na kizito, kinavutwa mwanzo mpaka mwisho kila risasi. Kidole kinasahau haraka.

Kinachotokea kwa wengi ni hiki: wananunua boksi mbili, wanapiga magazini moja, wanajaza nyingine, wanaiweka mfukoni miaka mitano. Hiyo siyo silaha, ni uzito.

Halafu kuna jambo la shingo. Ganda la .32 NAA lina shingo fupi sana, kichwa kimeshikwa sehemu ndogo tu. Kila ukiitoa risasi chembani (pale nyuma ya mtutu inapokaa kabla ya kufyatuliwa) usiku na kuirudisha asubuhi, ncha inagonga njia ya kulishia na kichwa kinasukumwa ndani kidogo kidogo. Nafasi ya baruti inapungua na presha inapanda unapofyatua. Isimamishe risasi uliyoirudisha mara kadhaa kando ya mpya juu ya meza tambarare, uiangalie kwa usawa wa jicho. Au tumia kalipa, kile kifaa cha kupimia urefu, ni dola 20. Ikiwa fupi, usiipige wala usiirudishe kwenye magazini. Kwa .380 unaitupa bila kufikiri. Kwa risasi ya zaidi ya dola moja, ambayo hujui lini utapata nyingine, watu wanaanza kujishawishi kwamba "bado ni nzuri".

Hata risasi bandia za kufanyia mazoezi nyumbani ni shida. Za .380 zimejaa kila mahali, lakini haziingii chemba ya .32 NAA, kichwa cha milimita tisa kinagota kwenye bega.

---

Mtama_wa_Houston

Asanteni sana wakuu. Swali la nyongeza: kama kitako ni cha .380 na fremu ni ileile, siwezi kununua mtutu wa .380 nikaubadilisha? Au kujaza risasi mwenyewe kutoka maganda ya .380?

---

fundi_chemba

Mtutu: hapana, si kwa maana unayoifikiria. Guardian haina mtutu wa kuchomoa kama Glock. Slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza, inarudi nyuma kwa nguvu ya risasi tu, hakuna kufuli, na mtutu umeshikamana na fremu. Kubadilisha ni kazi ya fundi mwenye vifaa, na ukishamlipa ungekuwa umenunua .380 nzima. Bastola za Makarov ziliwahi kupata mitutu ya .32 NAA kutoka kwa wauzaji wa vipuri, lakini hata pale mtutu unagongwa kutoka kwenye fremu kwa mashine, si kazi ya meza ya jikoni.

Kujaza mwenyewe kunawezekana, na wapenzi wa kaliba hii wengi wanaishi hivyo. Unahitaji dai za .32 NAA, yaani kalibu za chuma za kuliumba ganda (za kuagiza, hazikai rafuni), mashine ya kubana, mizani inayosoma sehemu ya kumi ya greini, na kitabu cha vipimo kinachoitaja .32 NAA kwa jina. Ganda la .380 linapitishwa kwenye dai, shingo inatokea, unalipima urefu, unalipunguza likizidi. Yatakayoharibika: baadhi yanapasuka mdomoni, mengine bega linakunjamana kwa sababu mafuta yamezidi. Tatizo kubwa ni kichwa kushikwa vibaya kwenye ile shingo fupi aliyoitaja Shabaha. Risasi ya kujijazia ina hatari ya kichwa kuzama kuliko ya kiwandani. Na usikadirie baruti kwa kulinganisha na .380, ni chumba tofauti, presha tofauti.

Kama tayari unajaza risasi nyingine, ni mchezo mzuri wa Jumamosi. Kununua vifaa vyote hivyo kwa ajili ya bastola moja ya mfukoni, hesabu haikubali.

---

mzee_wa_kaliba

Ngoja niitetee kidogo, maana mnaipiga mawe kama vile haina jema.

Ganda lenye shingo linalishwa vizuri kuliko lililonyooka. Kichwa chembamba kinaingia kwenye chemba pana, kwa hiyo hata slaidi fupi yenye mwendo mdogo inalisha bila kujikwaa. Bastola ndogo nyingi zinakwama hapohapo, kwenye kulisha vichwa vyenye tundu. .25 NAA, ambayo ni ganda la .32 ACP lililobanwa hadi kichwa cha .25, imefuata mantiki hiyohiyo na ni bora mara nyingi kuliko .25 ACP ya mwaka 1905.

Na wanaopendekeza .32 ACP wasisahau ugonjwa wake. Ganda lile lina ukingo unaozidi mwili: mwili milimita 8.5, ukingo karibu 9.1. Ukiweka vichwa vyenye tundu, ambavyo risasi nzima ni fupi kwa milimita moja au mbili kuliko ile 25 ya kawaida, zinapata nafasi ya kuteleza mbele na nyuma ndani ya magazini. Ukingo wa risasi ya juu unadondoka nyuma ya ukingo wa ya chini na zinafungana. Hapo kuvuta slaidi hakusaidii, kugonga kitako cha magazini hakusaidii. Dawa ya papo hapo ni kuitoa magazini na kuweka nyingine. Dawa ya kudumu ni vichwa vizima vya urefu kamili, au kipande cha kuziba nafasi nyuma ya magazini. .32 NAA haina ugonjwa huo kwa sababu kitako cha .380 hakina ukingo uliozidi.

Mtu mwenye mkono dhaifu, aliyenunua risasi 500 kwa mkupuo zilipoonekana, ana silaha ya kufaa.

---

Shabaha_Columbus

Mzee, heshima yako, lakini hiyo Guardian ina gramu 530 bila risasi. Teke ni dogo kwa sababu ni chuma kitupu! LCP ya .380 ina gramu 270 hivi. Kel-Tec P-32 haifiki 190 na inabeba risasi saba kwenye magazini, Guardian sita. Ukikubali kubeba nusu kilo mfukoni, kuna 9mm za uzito huohuo zenye risasi kumi.

Ugonjwa wa .32 ACP ni kweli, na tiba yake umeitaja mwenyewe: vichwa vizima. Kwenye mtutu mfupi hivyo vichwa vizima ndivyo vinavyoingia vya kutosha, kwa hiyo hupotezi kitu. Za Ulaya kama Fiocchi na Sellier & Bellot zina nguvu zaidi kidogo kuliko nyingi za Marekani.

---

Dada_wa_Minneapolis

Nafikiri .32 NAA siyo peke yake, na ukitazama wenzake unaona jinsi kaliba ya kiwanda kimoja inavyokufa.

.45 GAP ilitoka 2003, Glock na Speer, wakitaka nguvu ya .45 ACP kwenye mpini mdogo. Ile ndogo kabisa ilikuwa Glock 39. Ilipata wateja ambao kila kiwanda kinawaota: New York State Police, Pennsylvania State Police, na wengine. Wakaja kuiacha. Kama polisi wa jimbo zima hawakutosha kuishikilia, wanunuzi wachache wa bastola za mfukoni hawataishikilia.

.30 Super Carry ya Federal, 2022, ina hoja bora zaidi kuliko zote hizi. Ganda lake ni jembamba, kitako milimita 8.8 hivi badala ya 9.9 ya 9mm, kwa hiyo Smith & Wesson Shield Plus inapokea 13 mahali ambapo 9mm inapokea 10. Nguvu iko karibu sana na 9mm. Gharama yake ni presha: karibu psi (pauni kwa inchi ya mraba) 50,000 dhidi ya 35,000 za 9mm, na mlio wake unauma masikio zaidi. Zaidi ya Smith & Wesson na Nighthawk, watengenezaji wa bastola hawakuikimbilia. Tayari 2021 Ruger walikuwa wametoa LCP Max ya .380 yenye risasi kumi kwenye kitu cha gramu 300, na hoja ya wingi wa risasi ikapata jibu kwa kaliba ya mwaka 1908.

Ukitaka kaliba adimu isiyokuacha yatima, tafuta ile inayokubali ndugu zake. Ruger LCR ya .327 Federal Magnum ni rivolva; chemba yake inapiga pia .32 H&R Magnum, .32 S&W Long na .32 S&W. Ukikosa moja unatumia nyingine, na mazoezi unayafanya kwa ile laini. Hilo la kuazima haliwezekani kwenye .32 NAA, .25 NAA wala .30 Super Carry.

Jingine, Mtama, kwa kuwa umetaja green card: wewe sheria ya shirikisho inakuruhusu. Wasomaji wengine walioko kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida hawaruhusiwi kumiliki hata risasi, ila kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji. Na ukihamia California, huwezi kuagiza risasi zikaja mlangoni. Lazima zipitie kwa muuzaji mwenye leseni na ukaguliwe. Kaliba inayopatikana mtandaoni tu inakuwa mzigo mara mbili.

---

Kijana_wa_South_B

Salamu kutoka Nairobi. Ndugu yangu aliyeko Marekani anasema anaweza kuninunulia bastola ndogo kama hiyo na boksi kadhaa, nifuatilie leseni huku. Inafaa?

---

Dada_wa_Minneapolis

Hapana, kaka, na usimwache ndugu yako anunue kwanza. Kununua huku kwa jina lake ilhali ni ya mtu mwingine ni kosa la shirikisho. Kusafirisha silaha na risasi kutoka Marekani kunahitaji kibali cha kutoa, na Kenya unahitaji cha kuingiza. Anza na Bodi ya Leseni za Silaha huko kwenu, upate cheti kwanza, kisha ununue kwa muuzaji aliyeidhinishwa hapo nchini. Na chagua 9mm. Cheti kinafungwa na silaha fulani na kiasi fulani cha risasi, na risasi unazinunua hapo hapo. Kaliba ambayo hata Texas haiko rafuni hutaipata Nairobi.

---

mzee_wa_kaliba

Na kwa mlioko nje ya Marekani, someni boksi vizuri. "7.65 Browning" ni .32 ACP. "7.65 Parabellum" ni kitu kingine kabisa. "9mm Kurz", "9mm Corto" na "9mm Browning Short" zote ni .380. 9mm Makarov siyo .380: kichwa chake ni milimita 9.27, cha .380 ni 9.02, na ganda lake ni refu kwa karibu milimita moja.

---

Mtama_wa_Houston

Nimewaelewa. Duka wamesema wanashusha bei tena nikichukua leo. Nikiamua kuinunua kama kitu cha kuweka kabatini tu, nikague nini?

---

fundi_chemba

Kama ni ya kabatini, sawa. Mwombe muuzaji ruhusa, toa magazini, vuta slaidi uangalie chemba kwa jicho na kwa kidole. Kisha:

Soma mtutu. Lazima uandikwe .32 NAA. Guardian ya .380 na ya .32 NAA zinafanana kwa nje, na bastola iliyotumika huweza kuwa kwenye boksi lisilo lake.

Vuta slaidi polepole. Inatakiwa iwe nzito kuvuta, kwa sababu springi peke yake ndiyo inayoishikilia. Ikienda kirahisi, springi imechoka. Uliza kiwandani kama springi na magazini za ziada bado zipo kabla hujalipa.

Angalia ndoano ya kutolea ganda, ncha yake iwe kali, isiwe imemeguka. Angalia uso wa slaidi pale fataki (kiwashio cha kitakoni mwa risasi) inapokaa: ukiona duara la mashimo madogo kuzunguka tundu la pini, kuna gesi imekuwa ikivuja, pengine risasi za kujijazia zilizozidi. Hapo acha.

Zile risasi 20 kwenye boksi, zitoe moja moja. Boksi likiwa la kiwandani lakini maganda yana mikwaruzo ya dai shingoni, au vichwa vina urefu tofauti, mtu amezijaza mwenyewe. Usizipige, hujui ndani kuna nini. Na mwambie muuzaji aziondoe kwenye bei.